Mimea ya kutuliza msongo wa mawazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mimea inayonywewa, kunuswa au kupakwa ili kuutuliza mwili na akili wakati wa msongo wa mawazo. Vipimo vyote ni vya mtu mzima mwenye afya njema. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, na kila anayetumia dawa za hospitali wana maswali yao huko chini. Wayasome hayo kwanza kabla ya kuchemsha chochote.

Mimea hii inatibu msongo wa mawazo?

Inautuliza. Chanzo chake haikigusi. Mtu akiwa na msongo, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, shingo na mabega vinakaza, tumbo linasokota, usingizi unapaa. Mimea ya kutuliza hushughulika na dalili hizo: mmoja hulegeza misuli ya tumbo, mwingine huisaidia gaba, kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya neva, na mwingine dawa yake kubwa ni harufu. Deni au ugomvi wa nyumbani utaukuta palepale asubuhi. Ila aliyelala vizuri, tumbo likiwa limetulia, huyakabili mambo hayo akiwa na nguvu, na hiyo si faida ndogo.

Nianze na mmea upi?

Angalia msongo unakushika wapi; kila mmea unaotajwa hapa umeelezwa huko chini. Ukikushika tumboni, yaani gesi, kichefuchefu au kuharisha kabla ya mtihani au kikao, anza na kamomaili au melisa. Kama unalala kitandani macho makavu huku mawazo yanazunguka, jaribu pasiflora au valeriani. Kama mabega yanakaza mchana ukiwa kazini, lavenda ya kunusa inafaa zaidi kwa kuwa haikulazi. Uchovu wa miezi mingi ndiyo sehemu ya ashwaganda.

Usipojua uchague upi, chukua kamomaili. Ukikosea kipimo chake, ukanywa kikombe kimoja zaidi, huwezi kudhurika sana. Huwezi kusema hivyo kuhusu kava. Na anza na mmea mmoja tu, kwa siku 7 hadi 14, ndipo uongeze mwingine. Anayechanganya mimea mitano siku ya kwanza, akitokwa na vipele hatajua ni upi uliomdhuru, na akipata nafuu hatajua ni upi uliomsaidia.

Chai ya kamomaili inaandaliwaje ili ifanye kazi kweli?

Kinachotumika ni vichwa vya maua vya *Matricaria chamomilla*. Kipimo ni gramu 2 hadi 3 za maua makavu kwa mililita 150 hadi 200 za maji. Maua ni mepesi, kwa hiyo gramu 3 ni kama kijiko cha chakula kilichojaa. Kijiko kimoja cha chai, ambacho wengi hutumia, ni gramu 1 hivi.

1. Chemsha maji, epua, subiri nusu dakika.
2. Weka maua kwenye kikombe au birika safi, mimina maji juu yake.
3. Funika papo hapo kwa kisosi. Acha dakika 10.
4. Ukifunua, kung'uta matone yaliyojikusanya chini ya kisosi yarudi kikombeni.
5. Chuja, kisha kunywa polepole ingali ya moto. Vikombe 3 kwa siku vinatosha, cha mwisho kiwe saa moja kabla ya kulala.

Hayo matone ya kwenye kisosi si ya kudharau. Sehemu ya dawa iko kwenye mafuta tete, mafuta yanayoruka na mvuke. Anayechemsha maua kwa dakika 20 kwenye sufuria iliyo wazi atanukiza nyumba nzima, lakini kikombeni atabaki na maji machungu. Kosa jingine ni haraka: baada ya dakika 2 rangi imetoka, dawa bado. Na kifuko cha chai cha kiwandani mara nyingi kina gramu 1 au moja na nusu, na ndani yake ni vumbi la maua lililokwishapoteza mafuta. Kama huna kingine, tumia viwili kwa kikombe kimoja.

Kuhusu ushahidi: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio la watu 57 wenye ugonjwa wa wasiwasi, waliotumia kapsuli za kamomaili au kapsuli tupu kwa wiki 8. Waliopewa kamomaili walipata nafuu zaidi, kwa kiasi cha wastani. Zile kapsuli zilikuwa na dawa iliyokolezwa, kwa hiyo usitarajie kikombe kimoja cha chai kifanye kazi ileile.

Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti na daisi aiache. Mzio huanza kwa kuwashwa koo na midomo, na ukiona hivyo usinywe tena hata kidogo.

Nitajuaje kama niliyouziwa ni kamomaili halisi?

Chukua ua moja, likate katikati kwa wembe kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Kitovu cha njano cha kamomaili halisi kina uwazi ndani, kama koni tupu. Mimea inayofanana nayo, hasa *Anthemis cotula*, kitovu chake kimejaa, na ukilifikicha ua linanuka vibaya. Kamomaili inanukia kama tofaa. Ukikuta vikonyo virefu na majani mengi kuliko maua, umeuziwa takataka.

Mchaichai unatuliza, au ni kinywaji tu?

Ni kinywaji kizuri sana, lakini sifa yake ya kutuliza ni kubwa kuliko ushahidi. Huko Brazil, ambako chai ya mchaichai (*Cymbopogon citratus*) hunywewa sana kwa ajili ya neva, watafiti waliwapa watu chai hiyo na kulinganisha na kinywaji kisicho na mchaichai. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986: haikuwadhuru, lakini pia haikupunguza wasiwasi wala kuleta usingizi zaidi ya kile kinywaji kingine. Jaribio jingine la Brazil, la mwaka 2015, lilitumia harufu ya mafuta yake badala ya chai. Wanaume 40 walishiriki, na walionusa mchaichai walitulia haraka zaidi baada ya kupewa kazi ya kuwatia wasiwasi.

Kwa hiyo ukiunywa, unuse. Kata majani 2 au 3 marefu mabichi vipande vya urefu wa kidole, yafikiche kidogo, mimina mililita 250 za maji ya moto, funika dakika 10, kisha funua kikombe chini ya pua na uvute pumzi taratibu kabla ya kunywa. Makali ya majani yanakata ulimi, na nyuzi ndogo zinakera koo, kwa hiyo chuja kwa chujio lenye matundu madogo.

Melisa ni nini?

Ni mmea mdogo wa jamii ya mnanaa, majani yake yananukia limau. Jina lake la kitaalamu ni *Melissa officinalis*. Gramu 1.5 hadi 4.5 za majani makavu kwa mililita 150 za maji ya moto, dakika 10 ukiwa umefunika, kikombe 1 hadi 3 kwa siku. Ukiwa na majani mabichi, zidisha kipimo mara tatu, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni maji.

Tatizo lake ni kwamba mafuta tete yake ni machache mno na hupotea upesi. Fikicha jani kavu kati ya vidole: lisiponukia limau, halina tena kazi, hata kama bado ni la kijani. Mafuta ya melisa kwenye chupa nayo ni ghali kuyatengeneza, na mara nyingi huchanganywa na ya mchaichai. Mwenye tezi dundumio (tezi iliyo shingoni) inayofanya kazi kwa kiwango cha chini asiinywe kila siku bila kumwuliza daktari.

Lavenda: niinywe, niinuse au niipake?

Vyote vinawezekana, ila maua na mafuta ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wanapoumia. Lavenda ya kutuliza ni *Lavandula angustifolia*. Nyingine, kama ile yenye harufu kali ya kafuri, huchangamsha badala ya kutuliza.

Maua unaweza kuyanywa: gramu 1 hadi 2 kwa mililita 150, dakika 10. Ukizidisha inakuwa na ladha ya sabuni na tumbo linakataa.

Mafuta ya chupani usiyameze. Kuna kapsuli maalumu za mafuta ya lavenda, miligramu 80 kwa siku, zilizofanyiwa majaribio kwa wagonjwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lenye watu 77 lilizilinganisha kwa wiki 6 na lorazepamu, dawa ya hospitali ya wasiwasi, ya miligramu 0.5, na nafuu ilikuwa karibu sawa. Lakini hizo zimepimwa na kutengenezwa kwa ajili ya kumezwa. Chupa ya manukato haikutengenezwa hivyo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo kinaweza kumlevya mtoto hadi azimie.

Kunusa: matone 2 au 3 kwenye leso, uvute pumzi taratibu kwa dakika 5, leso ikiwa mbali kidogo na pua. Zaidi ya hapo unapata maumivu ya kichwa.

Kupaka: matone 12 ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi, ufuta au alizeti. Hiyo ni kama asilimia 2, inatosha kwa kusinga mabega na shingo. Jaribu kwanza sehemu ya ndani ya mkono na usubiri saa 24.

Kuoga: mafuta hayayeyuki kwenye maji, yanaelea juu na kukuchoma ngozi yakiwa makali. Changanya matone 5 na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kwanza, ndipo umimine kwenye maji.

Pasiflora ni majani ya mpesheni huu ninaokula matunda yake?

Hapana, na tafadhali usiyachemshe. Pasiflora ya dawa ni *Passiflora incarnata*, mmea wenye asili ya kusini mashariki mwa Marekani. Mpesheni wa matunda ni *Passiflora edulis*. Ni ndugu, maua yao yanafanana sana, lakini kemikali zao hazilingani. Majani na matunda mabichi ya spishi kadhaa za jamii hii yana vitu vinavyotoa sumu ya sianidi, na majaribio yaliyofanywa kwa watu hayakutumia majani ya mpesheni wa matunda.

Ya dawa hutumika sehemu zote zilizo juu ya ardhi, zikiwa zimekaushwa: gramu 1 hadi 2 kwa mililita 150 za maji ya moto, dakika 10 hadi 15, kikombe 1 hadi 4 kwa siku. Mwaka 2001 jaribio dogo la Iran, watu 36 kwa wiki 4, liliilinganisha na oxazepamu, dawa nyingine ya hospitali ya wasiwasi. Ilipunguza wasiwasi sawasawa, ingawa ilichelewa kuanza, na walioitumia hawakuathirika kazini kama wale wa oxazepamu. Ni jaribio dogo, basi lichukue kwa uzito wa jaribio dogo.

Valeriani yangu inanuka kama soksi chafu. Imeoza?

La, hivyo ndivyo inavyotakiwa kunuka. Mzizi mbichi wa *Valeriana officinalis* hauna harufu kali. Ukikauka, hutoa asidi ileile inayopatikana kwenye jasho la miguu. Mzizi usionuka kabisa ndio wa kutilia shaka. Kilichooza utakijua kwa ukungu mweupe au wa kijani na unyevu ukikibonyeza.

Chukua gramu 2 hadi 3 za mzizi uliokatwakatwa, kama kijiko kimoja cha chai, mimina mililita 150 za maji yaliyochemka, funika dakika 10 hadi 15. Mizizi mingi huchemshwa, lakini huu haufai kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu nao una mafuta tete. Njia nyingine ni kuuloweka kwenye maji ya baridi usiku kucha na kuchuja asubuhi, kisha kuyaweka maji hayo kwenye jokofu hadi jioni. Harufu inapungua, na wengi huvumilia zaidi. Kwa usingizi, kunywa nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala.

Valeriani haina haraka. Usiku wa kwanza unaweza usione kitu. Wape mwili na mmea wiki 2 hadi 4. Baadhi ya watu huwafanyia kinyume: moyo unadunda na usingizi unakataa kabisa. Ikikutokea usiongeze dozi, acha tu. Na usiendeshe gari wala kushika mashine baada ya kunywa. Uliyeitumia kila siku kwa miezi, punguza kidogo kidogo kwa wiki 2 badala ya kukata ghafla.

Ashwaganda inatumiwaje, na kwa nini baadhi ya nchi zinaikataa?

Ni mzizi wa *Withania somnifera*, unaotumika katika tiba ya kale ya India iitwayo Ayurveda. Jina linatokana na Kisanskriti, maana yake harufu ya farasi, na ukifungua kopo la unga wake utaelewa. Kipimo cha jadi ni gramu 3 hadi 6 za unga wa mzizi kwa siku, ukikorogwa kwenye maziwa ya moto au maji ya uvuguvugu baada ya kula. Anza na gramu 1 kwa siku 3. Anayeinywa na tumbo tupu huishia kwenye kichefuchefu na kuharisha. Kapsuli za dawa iliyokolezwa huwa miligramu 300 mara mbili kwa siku. Kipimo hicho ndicho kilichotumika katika jaribio la India la mwaka 2012, la watu 64 kwa siku 60, ambapo msongo na kotisoli vilipungua.

Tumia mzizi tu. Majani yana kemikali nyingi zaidi za aina inayodhuru seli, na kapsuli za bei rahisi wakati mwingine huwa na majani.

Sababu ya kukataliwa ni madhara. Kuna watu waliopata maradhi ya ini baada ya kuitumia: ngozi kuwasha mwili mzima, mkojo mweusi, macho ya njano. Pia hupandisha homoni za tezi dundumio, na huaminika kuwa ni hatari kwa mimba. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Kwa mtazamo wetu, mwenye afya anaweza kuitumia kwa wiki 8, kisha apumzike, lakini mwenye ugonjwa wa ini, wa tezi dundumio, au ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, aiache kabisa.

Tulsi ni mrehani?

Ni mrehani wa aina yake, *Ocimum tenuiflorum*, wenye harufu inayokaribia karafuu. Mrehani wa kupikia na kivumbasi ni spishi nyingine za ukoo huohuo. Gramu 2 za majani makavu kwa kikombe, mara 2 kwa siku, ni kipimo cha kawaida. Inaweza kushusha sukari ya damu, hivyo mwenye kisukari ajipime.

Nimesikia hiperikamu ni nzuri kuliko zote. Kwa nini mnaitahadharisha sana?

Kwa sababu ina nguvu kweli. Hiperikamu (*Hypericum perforatum*), wengine huiita mmea wa Mtakatifu Yohana, imefanyiwa majaribio mengi kwa sonona ya kiwango kidogo hadi cha kati. Mapitio ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489 na kuona kwamba inashinda kidonge tupu. Hiyo ni sonona. Kwa msongo wa kawaida wa maisha haina sababu ya kuwa chaguo la kwanza.

Hatari yake iko kwenye ini. Inaliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, kisha dawa hizo zinakuwa chache mno kwenye damu. Vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinashindwa, mimba inaingia. Dawa za VVU, zikiwemo nevirapini, efavirenzi na dolutegraviri, zinapungua na virusi vinapata nafasi ya kuwa sugu. Dawa mseto ya malaria ya artemeta na lumefantrini nayo haipaswi kutumika pamoja nayo. Vivyo hivyo warfarini (ya kuzuia damu kuganda), digoxini (ya moyo), na dawa za aliyepandikizwa figo. Na ukiacha leo, athari hiyo hubaki mwilini hadi wiki 2.

Ukiichanganya na dawa za sonona za hospitali, serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, inaweza kupanda kupita kiasi: kutetemeka, homa, jasho, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. Ngozi nyeupe inaweza pia kuungua na jua kwa urahisi.

Kama humezi dawa yoyote, zungumza na mfamasia kwanza. Kama unameza, hata moja, iache.

Kava je?

Ni mzizi wa *Piper methysticum*, kinywaji cha visiwa vya Pasifiki kama Vanuatu, Fiji, Tonga na Samoa. Huko huandaliwa kwa kukandakanda mzizi uliopondwa kwenye maji ya baridi na kuchuja. Unatuliza haraka na mdomo unakufa ganzi. Ujerumani iliziondoa dawa zake sokoni mwaka 2002 kwa sababu ya maradhi ya ini, na mwaka 2014 mahakama ikatengua uamuzi huo. Wanaoujua mmea wenyewe husisitiza aina bora, mizizi pekee, maji na si spiriti. Sisi hatuushauri kwa anayejitibu mwenyewe nyumbani, na kamwe usichanganywe na pombe.

Unga wa kungumanga kwenye maziwa unaleta usingizi?

Ncha ya kijiko kama kiungo haina neno. Kuufanya dawa ya usingizi ni hatari. Kuanzia gramu 5 hivi, ambazo ni karibu kungumanga moja nzima, watu hupata moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, kutapika, na kuona vitu visivyokuwepo. Ubaya wake unachelewa saa 3 hadi 6, basi mtu anadhani hakijatosha, anaongeza kijiko kingine.

Naweza kuchanganya mimea kadhaa kwenye kikombe kimoja?

Ndiyo, baada ya kila mmoja kuujaribu peke yake. Mchanganyiko rahisi wa jioni: kamomaili sehemu 2, melisa sehemu 2, lavenda nusu sehemu, kwa uzito. Chukua gramu 3 za mchanganyiko kwa kikombe. Usiweke mizizi na maua pamoja kwenye birika moja, maana mzizi unahitaji muda mrefu zaidi na maua yatakuwa machungu yakisubiri. Na usirundike mimea ya kulaza: valeriani pamoja na pasiflora kwa vipimo kamili inaweza kukuacha mzito hadi adhuhuri.

Nakunywa chai ya mimea kila siku lakini moyo bado unadunda. Kwa nini?

Hesabu kafeini kwanza. Kahawa, chai ya majani, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vyote vinayo, na nusu ya kafeini uliyokunywa saa kumi jioni bado iko mwilini saa tatu usiku. Hakuna maua yatakayoshindana na hilo. Acha kafeini baada ya saa sita mchana kwa wiki nzima, ukipunguza taratibu ili kichwa kisiume, kisha uone. Sigara na mirungi nazo huharakisha moyo, ingawa anayezitumia huhisi zinamtuliza. Kama umeondoa hayo yote na moyo bado unadunda, pimwa tezi dundumio, damu na shinikizo.

Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto?

Mjamzito asitumie ashwaganda, valeriani, pasiflora, kava wala hiperikamu. Kikombe kimoja chepesi cha kamomaili mara mojamoja amwulize mkunga wake kwanza. Kwa mama anayenyonyesha ni vivyo hivyo. Valeriani na pasiflora si za watoto walio chini ya miaka 12. Mtoto mchanga asipewe chai ya mmea wowote.

Natumia dawa za hospitali. Nifanye nini?

Andika majina yote, pamoja na ya mimea, umwonyeshe mfamasia. Yanayojulikana vizuri ni haya: kamomaili inaweza kuongeza nguvu ya warfarini, na damu ikatoka. Valeriani, pasiflora, lavenda ya kumeza na kava huongeza nguvu ya kulaza ya dawa za usingizi, za kifafa na za maumivu makali. Ashwaganda huvuruga dawa za tezi dundumio na za kisukari. Hiperikamu imeshaelezwa. Anayesubiri upasuaji aache yote wiki 2 kabla na amwambie mtaalamu wa nusukaputi. Usiache dawa uliyoandikiwa na daktari ili ujaribu mmea.

Nikausheje na nihifadhije ninayolima mwenyewe?

Vuna asubuhi umande ukishakauka. Kamomaili ichume petali zikiwa zimesimama mlalo. Zikishainama chini mafuta yamepungua. Melisa ichume kabla haijatoa maua. Lavenda, nusu ya vijiua vikiwa vimefunguka. Mizizi ya valeriani ichimbe majani yanapoanza kufa, uioshe haraka bila kuiloweka, na ipasue kwa urefu.

Tandaza tabaka moja tu kivulini penye hewa, joto lisizidi nyuzi 40. Jua kali linaunguza rangi na kupeperusha mafuta. Maua na majani huchukua siku 4 hadi 10. Usiyahesabu siku, yajaribu: jani likivunjika kwa mlio, limekauka, likikunjika, bado. Ukiyafungia kwenye chupa yakiwa na unyevu, ndani ya wiki utaona ukungu, na hapo tupa yote, maana sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, kabatini penye giza, na uandike jina na tarehe. Majani na maua hudumu mwaka 1, mizizi miaka 2. Usichume kando ya barabara kubwa wala pembeni ya shamba lililopigwa dawa.

Lini nisitegemee mimea na nimwone daktari?

Msongo ukizidi wiki 2 na kukuzuia kufanya kazi, kula au kulala. Ukipata maumivu ya kifua, kuzimia au kukonda bila sababu. Ukianza kunywa pombe ili ulale. Na ukifikiria kujidhuru au kwamba heri usingekuwepo, usisubiri kuche: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa, mwende hospitali pamoja.

Nimekunywa kupita kiasi. Nifanye nini?

Acha mara moja, na usijitapishe. Kamomaili, melisa au mchaichai ukizidisha kikombe au viwili utapata kichefuchefu tu: kunywa maji, pumzika. Ikiwa ni mafuta ya lavenda, kungumanga, kava, au mmea usioujua, au ukiona usingizi usio wa kawaida, kupumua kwa shida, uvimbe wa uso au macho ya njano, nenda hospitali. Chukua kifungashio, chupa, au kipande cha mmea wenyewe pamoja na mabaki ya chai, na uwaambie ulikunywa kiasi gani na saa ngapi.